Mabele Moya

Dimitri alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila alipotaka kufunua ukurasa, na kila alipokilamba Asia alihisi kama mate yale yameangukia kwenye ulimi wake mwenyewe. Kurasa zenyewe zilikuwa tatu tu. Asia aliziandika kwa mkono, akazisoma kwa sauti sokoni mbele ya wenzake, akafuta hapa na kuongeza pale, mpaka kila mama akasema ndivyo. Sasa zilikuwa kwenye meza ya mtu huyu, kando ya sahani yenye mifupa ya kuku, na pembe ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imeanza kunyonya mafuta.

"Mama Asia," Dimitri alisema, "hapa umeandika nyumba."

"Ndiyo, tata."

"Nyumba ya kulala."

"Ya kulala bamama. Moja huku kwetu, moja kule Zambia. Na mulango wa kufungia ndani."

Dimitri alichekea puani, akajipangusa midomo. "Hawa batu habajengake nyumba, mama. Huu ni mufuko wa ushirikiano wa kuvuka mupaka. Banataka kuona batu ba inchi mbili banashikana mikono. Nyumba haishikane mukono na mutu."

"Mutu akilala muzuri, asubui atashika mukono wa kila mutu."

"Eh, mama! Ile ni maneno ya soko. Hapa tunaandika."

Mpaka Asia aliujua vizuri. Tangu hajaolewa alikuwa akipanda malori ya kwenda huko na furushi lake la vitenge, na kurudi Kolwezi na unga, sukari na mafuta ya kula. Baba yake, mzee Shafii, mtu wa Kasongo aliyekuja Katanga na lori moja bovu, ndiye aliyempeleka mara ya kwanza. Barabara ile ilikuwa ya malori ya shaba kwanza, ya watu baadaye. Foleni yake ilianza mbali kabla ya kizuizi, lori nyuma ya lori, na jioni kizuizi kiliposhushwa, mama aliyekuwa hajapita alibaki hapo hapo mpaka asubuhi. Hapakuwa na nyumba ya kulala, wala banda, wala choo. Kivuli cha mchana na paa la usiku vilikuwa tumbo la lori.

Msimu wa mvua uliopita Falonne, mdogo wao katika kazi, alijikunyata chini ya lori lililobeba mabamba ya shaba, akajifunika gubigubi, akalala. Foleni ikasogea. Dereva alishuka baadaye kuangalia gurudumu, akasema alidhani amekanyaga gunia la mtu. Hospitalini waliukata mguu juu ya goti.

Hilo lilijulikana na kila mtu. Yalikuwepo na mengine ya gizani kule, ambayo akina mama hawakuyataja hata wao kwa wao. Lakini Asia alipowauliza sokoni nyumba iwe na nini, hakuna aliyeanza na kitanda wala maji. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, alianza na komeo la ndani.

Kisha redio ikatangaza ule mfuko. Vyama vya Kongo na vya Zambia viombe pamoja, vioneshe kwamba vinajuana. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Wao na wale wa ng'ambo, kundi la Bana Mwila, mama muuza unga, walijuana hadi majina ya wajukuu. Waliwekeana mizigo, walipelekeana dawa, walikwenda kwenye vilio vya wenzao kwa lori la shaba. Kama ni ushirikiano, basi walikuwa wanaulala na kuuamka bila kujua kwamba una mfuko wake.

Kikwazo kilikuwa namna ya kuomba. Maombi yalitakiwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, ndani ya fomu iliyokuwa mle kwenye kompyuta tu, na watu wote wa mjini walisema neno moja: nendeni kwa Dimitri. Alikuwa ametoka Kinshasa wakati madini ya kobalti yalipovuta kila mtu, akaona kuchimba miradi hakuchafui viatu. Miradi yake hupita, walisema. Anajua lugha ya wale watu.

Aliijua kweli. Asia aliiona nyumba yao ikipita katika lugha ile kama nguo inayofuliwa mpaka rangi inakwisha. Safari ya pili alipokwenda kwa Dimitri, nyumba ilikuwa imekuwa "makazi ya muda." Safari iliyofuata ikawa "banda." Kisha banda likaonekana zito nalo, likawa "nafasi." Mwishowe, siku ya kupeleka maombi, ilikuwa "nafasi ya mazungumzo," na neno mazungumzo lilikuwa na mabega mapana kuliko neno nafasi.

"Lakini mulango uko?" Asia aliuliza kila mara.

"Uko, mama."

"Na ya kufungia ndani?"

"Yote iko mule. Ni namna ya kuandika tu."

Ni namna ya kuandika tu. Alilisema akitazama simu yake. Asia alirudi nyumbani na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki, hata hivyo aliwaambia wenzake mambo yanakwenda, kwa sababu alitaka yaende. Hilo ndilo lililomchukiza zaidi baadaye alipolikumbuka: jinsi alivyolimeza.

Halafu Dimitri akataka sura.

"Karatasi bila sura inakufa," alisema. "Yule mama wa muguu anaishi wapi?"

Falonne aliishi Kasulo, kwa mama yake, mama Honorine, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale wa mpakani, mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Katika kipande hicho cha mji watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, na sakafu ya Honorine ilikuwa na ufa uliotoka mlangoni hadi ukutani, kwa sababu jirani alichimba upande wake bila kuuliza ukuta unaishia wapi. Dimitri aliuruka ufa ule akiwa ameziba pua kwa kitambaa. Alimwomba Falonne asogee kwenye mwanga. Akamwomba apandishe kitenge.

"Kidogo tena, mama. Tena. Vile. Usicheke."

Falonne alicheka kwa aibu, mkono mmoja mdomoni, na kila alipocheka Dimitri aliishusha simu akangoja. Mama Honorine aligeuka akautazama ukuta. Mwanamume mgeni, na paja la binti yake, mchana kweupe. Aliutazama ukuta kama mtu anayesoma.

"Sasa uonekane na uchungu," Dimitri alisema.

"Uchungu niko nao, tata. Hauonekane?"

"Kwa foto hauonekane."

Asia alisogea ili amzuie. Falonne, aliyemwita ya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyemtuliza kwa macho. "Wacha apige, ya Asia. Kama foto inaleta nyumba, apige. Muguu haurudi." Akaacha kucheka, akatazama mbele, na simu ikalia mlio wa picha.

Nje, Dimitri alitema mate karibu na kisima cha jirani, akasema picha ni nzuri sana, sana. Asia aliyatazama yale mate yakichanganyika na vumbi la shaba.

Mradi ukapita.

Habari ilifika sokoni asubuhi, na kabla ya jua kupanda akina mama walikuwa wameacha meza zao wanacheza. Honorine alijifunga kitenge kiunoni akaimba jina la Asia kama la bibi harusi. Kutiliana saini kungefanyika mjini, katika ukumbi wa hoteli, mbele ya mjumbe wa mfuko atakayetoka Kinshasa. Pande zote mbili zihudhurie. Asia aje na muhuri wa chama.

Siku hiyo Bana Mwila alifika na wenzake kutoka ng'ambo, vumbi hadi kwenye nyusi, na mfuko wa unga kichwani kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Mlinzi wa hoteli akaukataa unga. Wakabishana, wakauacha getini. Papy, mwendesha pikipiki wa mtaani kwao, alimleta Falonne na magongo yake, akamwinua kama yai hadi kizingitini. Ndani palinukia sabuni ya vigae na marashi ya kupuliza, harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota popote. Mezani palipangwa fulana za rangi ya chungwa, na ukutani, kutoka pembe hadi pembe, lilitandazwa bango:

MABELE MOYA, BATU BAMOYA.

Akina mama walisoma polepole, wale waliojua kusoma wakiwanong'oneza wasiojua. Kisha mama Honorine akapaza sauti.

"Mabele moya? Na ile ingine bameipeleka wapi?"

Ukumbi ukapasuka. Kolwezi nzima, na hata mtoto anayetambaa, anajua mabele ni nini, maana ndiyo anayonyonya. Mama mmoja alijishika kifua kwa mikono miwili akahesabu. "Miye niko na mbili! Basi haniko mu proje!"

"Ni proje ya kunyonyesha?"

"Ni ya docteur wa kukata!"

Bana Mwila, aliyekuwa akisubiri mtu amweleze, alisoma bango mwenyewe akajipiga paja. "Awe mwe! Na kwetu ni amabele, ba Asia! Ni ile ile!" Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kibemba, na vicheko vya ng'ambo vikajiunga na vya huku. Walishikana mabega, walifutana machozi. Kama mfuko ule ulitaka kuona watu wa nchi mbili wakishikana mikono, ulichelewa dakika chache tu, maana mjumbe bado alikuwa kwenye gari.

Dimitri aliingia mbio, shati limemganda mgongoni. "Munacheka nini? Mabele! Udongo! Inchi! Udongo moya, batu bamoya!"

"Labda kwa Lingala, tata," Asia alisema.

"Nani ananifundisha Lingala?"

"Hapana mutu. Lakini hapa ni Kolwezi. Hapa mabele njo hii." Hakujigusa, hakukuwa na haja. "Na kule Zambia pia njo hii. Uko weye peke yako na udongo yako."

Uso wa Dimitri uliiva, kisha ukapoa haraka, kama uso wa mtu aliyekwisha kupiga hesabu. "Madame Jocelyne, mujumbe wa mufuko, hajui Kiswahili," alisema. "Muvae. Bango imeshaingia mu rapport."

Walimtazama Asia wote.

Angeweza kukataa hapo. Aliitazama fulana, neno likiwa limepigwa chapa katikati ya kifua, kubwa, jeusi, mahali pale pale ambapo mwanamume yeyote barabarani angelisoma na kulinganisha. Alimtazama Honorine, bibi wa wajukuu. Aliwafikiria wajomba zake wa msikitini. "Astaghfirullah," alisema chini chini, kisha akasema kwa sauti: "Bamama, tuvae. Ni kwa ajili ya nyumba."

Wakavaa. Vicheko vilikwisha kama moto uliomwagiwa maji. Asia aliivuta fulana juu ya gauni lake refu, akaushusha mtandio ufunike herufi, mtandio haukutosha. Kijana wa hoteli aliyekuwa akipanga soda alisoma vifua vyao kimoja kimoja, akainama akicheka ndani ya kreti. Fulana ya Honorine ilikuwa ndogo. Neno lilivutika mpaka likaonekana linataka kukatika. Aliketi, akaweka mikono yake mikubwa juu yake, asiitoe tena.

Falonne aliwekwa kiti cha mbele. "Huku ndiko madame atamuona," Dimitri alisema, akamwelekeza aunyooshe mguu mmoja na kuuacha uliokatwa uonekane.

Kwenye meza kuu palikuwa na kitabu cha mradi, kimefungwa kwa plastiki. Asia hakuwahi kukishika. Kila alipokiomba Dimitri alisema kiko ndani ya kompyuta. Sasa alikivuta. Juu ya jalada kulikuwa na paja la Falonne na kovu lake, na juu zaidi uso usiocheka. Asia alifunua. Kifaransa alikisoma shuleni hadi diploma, akafaulu vizuri. Alitafuta nyumba; haikuwepo. Alitafuta banda. Alipata semina, alipata safari za mafunzo, alipata fulana, alipata mtaalamu wa kitaifa ambaye jina lake lilikuwa Dimitri. Karibu na mwisho aliikuta ile nafasi ya mazungumzo, na chini yake maelezo kwa herufi ndogo: ukumbi wa hoteli, Kolwezi, wa kukodiwa kwa mikutano.

Aliinua macho. Aliitazama dari, feni, mapazia yenye vumbi. Ndiyo hii. Hii ndiyo nyumba yao.

Mate yalimjaa mdomoni, ya chumvi, yale yanayokuja kabla ya kutapika. Akayameza.

Madame Jocelyne aliingia na tabasamu la mtu mwema, na pengine alikuwa mwema. Aliwashika mikono wote, mmoja mmoja, akisema kwa Kifaransa jinsi anavyofurahi, na mbele ya Falonne aliinama akaweka kiganja kifuani kwake mwenyewe. Asia hakungoja hotuba.

"Madame," alisema kwa Kifaransa, "nyumba iko wapi?"

"Nyumba gani, mama?"

"Ya kulala. Mpakani. Tuliiomba."

Madame Jocelyne alimtazama Dimitri. Dimitri alikitazama kidole chake. "Lakini mama yangu," mjumbe alisema kwa upole, "sisi hatujengi. Ilielezwa tangu mwanzo, katika tangazo lenyewe. Mshauri wenu anajua. Sisi tunasaidia watu wazungumze."

Asia aliwatafsiria wenzake. Hakupunguza kitu.

"Tuzungumuze na nani?" Honorine aliuliza. "Na lori?"

"Mwambie madame," Bana Mwila alisema, "sisi tumezungumuza mingi. Tunataka kulala."

Asia akatafsiri. Madame Jocelyne akasema hilo ni wazo zuri sana, liwekwe katika mapendekezo ya semina, na huenda katika awamu nyingine mfadhili mwingine akavutiwa. Dimitri aliinama karibu na sikio la Asia. Pumzi yake ilikuwa ya vitunguu. "Mama Asia, usiniaibishe. Ulitaka nyumba, nikakupatia proje. Proje ni muzuri kushinda nyumba. Nyumba inabomoka. Tia kashe, tia ile muhuri, batu bakule."

"Ulijua."

"Kama ningeandika nyumba tusingepita. Ni namna ya kuandika tu."

"Na foto?"

"Foto imefanya nini?"

"Nyumba umeitosha mule, umeiondoa. Foto umeiacha."

Dimitri alishangaa kikweli, na mshangao huo ulimtia Asia kinyaa kuliko uongo wote. "Foto njo imetupitisha," alisema.

Falonne alikuwa amesikia. Sauti yake ilitoka pale mbele, ndogo lakini haikutetemeka. "Ya Asia. Nyumba haiko?"

"Haiko, mudogo wangu."

"Na miye niko mule?"

"Uko. Juu kabisa."

"Basi banitoshe."

Asia akasema hivyo kwa Kifaransa: anaomba aondolewe. Madame Jocelyne alisikitika. Alieleza kwamba kitabu kimekwisha kusambazwa, kiko Kinshasa, kiko Lusaka, kiko kwa wafadhili huko Ulaya; picha yenyewe imewagusa wengi sana, imewekwa hata kwenye ukurasa wa kwanza wa mfuko katika mtandao. Hata akitaka, hajui aanzie wapi kuitoa.

Asia hakujua alitafsiri vipi. Alijua tu kwamba alipomaliza, Falonne alikaa akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, aliyeondoka bila kuaga na sasa anapokelewa vizuri huko aliko.

"Hii chumba," Falonne aliuliza, "njo bameandika mu fasi ya nyumba?"

"Njo hii."

Falonne aliyaegemeza magongo kwenye kiti. Alijishusha polepole mpaka vigaeni, kalio kwanza, kisha kiwiko. Akafungua kitenge cha juu kutoka kiunoni, akakikung'uta, akakitandika, kama wanavyotandika kule wakiona kizuizi kimeshuka. Akalala.

"Mama, tafadhali," Madame Jocelyne alisema. "Ameanguka? Msaidieni!"

"Hakuanguka," Honorine alijibu Asia alipotafsiri, akaanza kuivua ile fulana. Ilimkwama mabegani, mwenzake akaivuta, ikatoka. Akaitupa chini ya meza. Alibaki na blauzi yake ya kila siku, akapumua kwa nguvu, akajishusha kando ya binti yake kwa kishindo kilichotikisa chupa za soda. "Songea, mutoto. Hii nyumba ni ya bamama bote."

Mmoja akafuata, na mwingine. Fulana za rangi ya chungwa zilirundikana. Vitenge vilitandazwa ubavu kwa ubavu kwenye vigae vilivyonukia maua ya uongo, migongo ikageukiana kwa ajili ya joto hata kama hapakuwa na baridi, kwa sababu ndivyo miili yao ilivyozoea. Waliacha njia katikati, nyembamba, ya mtu kwenda kujisaidia. Bana Mwila alitazama, akauliza: "Ba Asia, na sisi ba ng'ambo tunalala upande gani?"

"Fasi yote ni yenu."

"Natotela," Bana Mwila alishukuru, akavua viatu.

Dimitri alikuwa akienda huku na huku kati ya vichwa na miguu, akitafuta pa kukanyaga. "Munaharibu! Mama Asia, nawaambia munaharibu! Munazani bamama banakosekana? Mbele ya saa ya kukula nitapata chama ingine, yenye kashe yake. Muji imejaa bamama!"

Ilikuwa kweli, na Asia alijua kwamba ni kweli. Wangekuja akina mama wengine, wenye shida yao wenyewe, na kitabu kingebadilishwa jina la chama tu. Paja la Falonne lingebaki pale pale. Nyumba haikuwepo leo, na haingekuwepo kesho kwa kukataa kwake. Muhuri ulikuwa ndani ya mkoba. Aliushika kwa nje, akalisikia lile duara gumu, kisha akauweka mkoba sakafuni na kulalia kichwa juu yake, kama mwanamke yeyote anayelala mahali ambapo mali huibwa.

Kutoka chini, ukumbi ulikuwa viatu. Viatu vya Dimitri vilikuwa safi. Viatu vya Madame Jocelyne vilisimama, vikasogea, vikasimama tena.

"Mon Dieu," sauti yake ilisema huko juu, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeguswa kwelikweli. "Hii ina nguvu. Hii ina nguvu sana. Dimitri, unaona? Watu lazima waione." Asia alimwona akiinua simu, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi ukutani ili wote waenee, na bango pia.

Falonne ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alivuta ncha ya kitenge, akafunika mguu, kisha tumbo, kisha uso. Honorine akafanya hivyo. Kitambaa baada ya kitambaa kilivutwa, huku na ng'ambo, mpaka vigaeni hapakubaki hata sikio la mtu. Asia alijifunika mwisho. Giza la kitenge lilikuwa la joto, lilinuka unga na jasho lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika hoteli ile alivuta pumzi ndefu.

Nje ya kitambaa simu ililia. Ikalia tena.

"Bamama," Madame Jocelyne aliita kwa Kifaransa chake cha upole, "nyuso, tafadhali. Kidogo tu. Nyuso."

Chini ya vitenge ni Asia peke yake aliyemwelewa, na hakutafsiri.